“Pakeni Rangi Tu”: Ramani ya Takwimu Inalipiwa Nini

Lalamiko linalorudi kila mwisho wa trimestri, ripoti zinapodaiwa, ni hili: “Niliwaletea Excel ikiwa tayari, nikaomba rangi tu. Mbona mmeniwekea maduara, na bei imepita ya kuprinti?” Wengine wanaongeza kwamba kijana wa saiba anaifanya ramani hiyohiyo kwa bei ya karatasi. Ni kweli, anaifanya. Nyingi ya hizo sisi wachora ramani tunazipokea tena hapa Goma baada ya mfadhili kuzikataa, na wakati huo mteja analipa mara ya pili, tena kwa haraka.

Ramani ya kujaza rangi kila zoni ya afya (eneo moja la mfumo wa afya wa Kongo) ni ya viwango: asilimia, wagonjwa kwa watu 10,000, kaya kwa kilomita ya mraba. Hesabu ghafi haipakwi rangi. Tuseme zoni moja ina wagonjwa 600 wa kolera kati ya watu 400,000, na jirani yake ina 300 kati ya watu 60,000. Ukipaka hesabu, ya kwanza ndiyo inayokolea na klorini inapelekwa huko. Ukigawa kwa idadi ya watu, ya kwanza ina 15 kwa kila watu 10,000, ya pili ina 50. Excel ni ileile, lakini ramani mbili zinapingana.

Halafu kuna ukubwa wa ardhi. Teritwari ya Walikale peke yake ni zaidi ya theluthi ya jimbo letu la Kivu Kaskazini, wakati mji wa Goma, jimbo zima likikaa kwenye A4, haufiki ukucha wa kidole kidogo. Rangi ikikolea Walikale, jicho halioni kingine, hata kama wagonjwa wenyewe wako Karisimbi, zoni ya ndani ya mji wa Goma. Ndiyo maana hesabu ghafi tunaiweka kwa maduara, na Goma tunaifungulia kidirisha chake pembeni. Duara nalo lina hesabu yake: thamani ni eneo la duara, si kipenyo. Zoni yenye 400 mbele ya zoni yenye 100 inapata kipenyo mara mbili. Ukiipa kipenyo mara nne, eneo linakuwa mara 16, na umemtisha msomaji bure.

Kugawa kunahitaji idadi ya watu, na hapo ndipo tunapowachosha wateja kwa maswali. Sensa ya mwisho ya Kongo (DRC) ilikuwa 1984, kwa hiyo idadi yoyote unayotuletea ni makadirio. Tunataka kujua ni ya nani na ya mwaka gani, na tunaliandika chini ya ramani. Watu wakihama, kigawanyo kinavunjika. Ukiona zoni ina chanjo asilimia 130, usiwalaumu wauguzi kwanza; angalia hesabu ya watoto waliotarajiwa. Hatutaipaka rangi 130 hiyo na kunyamaza, hata mteja akisema “acheni hivyo, Papa, mfadhili haangalii”. Mfadhili anaangalia.

Muda mwingi tunaolipisha unaishia kwenye majina. Kivu Kaskazini ina zoni za afya 34, na kila mstari wa Excel lazima ushikane na zoni yake. Goma ni mji, ni komini, na ni zoni ya afya. Masisi ni teritwari na ni zoni. Beni ni mji, ni teritwari, na ni zoni. “Kirotshe” imeandikwa “Kirotche”. “Mweso” ina nafasi tupu mwishoni isiyoonekana kwa macho. Kompyuta haikisii: jina lisiloshikana linaacha zoni nyeupe, na msomaji anadhani huko hakuna ugonjwa. Kosa jingine linalofanana na hilo ni kujaza 0 kwenye kisanduku kitupu ili jedwali lipendeze. Zoni ambayo haikutuma ripoti kwa sababu barabara imefungwa inageuka kuwa zoni yenye afya kuliko zote. Tupu iachwe tupu. Sisi tunaipiga mistari ya kijivu na kuandika “hakuna data”.

Kuhusu madaraja ya rangi, matano yanatosha, saba ni mwisho. Zaidi ya hapo jicho halitofautishi. Ukigawa kwa vipimo sawa na zoni moja ikawa juu sana, 33 zilizobaki zinakuwa rangi moja hafifu. Ukigawa ili kila daraja lipate idadi sawa ya zoni, zoni 34 zinajipanga karibu saba kila daraja, hata kama tofauti kati yao ni ya desimali tu. Kwa hiyo tunaangalia kwanza namba zinavyojikusanya, ndipo tunakata. Na kama unalinganisha miaka miwili, mipaka ya madaraja ni ileile kwenye ramani zote mbili. Ukiiachia programu, inakata kila mwaka upya, ugonjwa unapungua nusu na ramani inabaki nyekundu kama ya mwaka jana.

Nyekundu na kijani tunakataa, mteja akiomba sana tunakataa tena. Ripoti itapigwa fotokopi, na kwenye fotokopi rangi hizo mbili zinatoka kijivu kimoja. Rangi moja kutoka hafifu hadi iliyokolea inapona.

Ramani ya nukta, ambapo nukta moja ni watu 50 kwa mfano, inapendwa na ni ya udanganyifu ikifanywa haraka. Programu inatawanya nukta popote ndani ya mpaka wa zoni: kwenye Hifadhi ya Virunga, ziwani, juu ya sehemu za lava ya Nyiragongo ya 2002 ambazo hazina nyumba. Lazima tukate sehemu hizo kwanza, na huo ni muda. Ramani ya madoa mekundu (heatmap), ambayo wanafunzi wa TFC, kazi ya kumaliza masomo, wanaiomba kila wiki, inahitaji GPS ya nyumba za wagonjwa. Ukileta GPS za vituo vya afya, madoa yatakuonyesha vituo viko wapi, basi. Mistari ya kontua, inayounganisha sehemu zenye kipimo kimoja, ni ya kitu kilichopo kila mahali, kama mwinuko wa Nyiragongo, kina cha ziwa au mvua. Idadi ya kaya haina kontua.

GPS zenyewe tunazipima kabla ya kitu kingine. Goma iko karibu na latitudo −1.68 na longitudo 29.22. Ukisahau alama ya kutoa, unahamia upande wa Mambasa, Ituri. Ukibadilishana namba hizo mbili, uko Sahara, Algeria. Mwenye UTM (vipimo vya mita badala ya digrii) ya Goma aandike kanda 35 Kusini: 9,814,000 ya Goma ikisomwa kama 35 Kaskazini, nukta inaenda kukaa karibu na ncha ya dunia. Ikweta inalikata jimbo kusini kidogo ya Butembo, sehemu moja inaangukia 35 Kaskazini na nyingine 35 Kusini, kwa hiyo kwa jimbo zima leta digrii.

Njia ya mkato inayogharimu kuliko zote ni kupiga picha ya skrini, kuituma WhatsApp na kuomba iprintiwe A0, karatasi ya ukubwa wa bango. Upana wa A0 ni milimita 841, yaani inchi 33. Picha ya pikseli 1,280 inakupa kama nukta 39 kwa inchi, wakati maandishi madogo yanataka 150 au zaidi. Tuletee PDF, au mafaili ya ramani yote kwa pamoja ndani ya zip: shp, shx, dbf na prj. Shp peke yake haina jedwali wala haijui iko wapi duniani.

Anayeleta Excel yenye majina safi, idadi ya watu na mwaka wake, analipa kuchora na kuprinti tu. Kabla ya kuprinti tunatuma jaribio la A4. Hapo kubadilisha kichwa, rangi au logo ni bure. Namba zikibadilika baada ya A0 kutoka, hiyo ni kazi mpya na avans (malipo ya awali) mpya.