Msiulize boti gani ni kali, ulizeni inataka ruhusa gani

Mhariri,

Kwa magrupu yetu ya Discord (ile app ya kupiga gumzo na kuongea kwa makundi, kila kundi linaitwa seva) haikosi mtu wa kuuliza boti gani ya muziki, yaani programu ya kuchezea kundi nyimbo, ni kali, na majibu huwa yale yale, mmoja anasema Jockie, mwingine FredBoat, wa tatu anatupa linki bila hata salamu na admini anaibonyeza papo hapo. Naomba nafasi niseme hilo swali limekaa vibaya.

Ukibonyeza ile linki, kabla boti haijaingia kwa seva kuna ukurasa unaoonyesha ruhusa inazotaka, na huo ndio watu huupita kama steji ya matatu wasiyoshukia. Boti ya muziki haina kazi nyingi, ione chaneli, iandike meseji, iingie chaneli ya sauti na itoe sauti, basi. Ikitaka kuwa Administrator jiulize ya nini, juu hiyo ruhusa inaiwezesha kufuta chaneli, kufukuza watu na kugeuza karibu kila kitu, na hata kama mwenye boti ni mtu poa, siku akidukuliwa huyo mwizi ameingia na kwako pia. Na ile tiki iliyo kando ya jina la boti isikupumbaze. Boti haiwezi kupita seva 100 bila kuthibitishwa na Discord, kwa hivyo tiki inaonyesha mwenyewe amejitambulisha, haionyeshi ati ni mwaminifu.

Jambo la pili, na hapa ndipo watu hukasirika nikiuliza, hiyo boti inatoa muziki wapi? Vijana wengi walio Discord saa hii hawakuwepo 2021. Boti iliyoitwa Groovy ilikuwa kwa seva zaidi ya milioni 16, kubwa sana, na YouTube wakawaandikia wakome kwa sababu ilikuwa inavuta sauti kutoka kwao kinyume cha masharti, ikafungwa tarehe 30 Agosti. Haikupita muda boti nyingine, Rythm, nayo ikapata barua kama hiyo, tarehe 15 Septemba ikazima. Watu walilia sana lakini hakuna cha kukata rufaa pale. Kwa hivyo mtu akinisifia boti mpya ya bure inayocheza chochote cha YouTube bila tangazo hata moja, mimi naona tu inangoja barua yake, na pleilisti zote mlizopanga humo zitaenda nayo.

Discord wenyewe wana Watch Together, ya kutazama video pamoja, mnaifungulia ndani ya chaneli ya sauti na YouTube inacheza kihalali na matangazo yake. Shida ni video, bando linaumia. Sauti peke yake ni rahisi, chaneli ya kawaida ikiwa kilobiti 64 kwa sekunde saa nzima ni kama MB 29, hiyo mtu wa Kayole au Githurai anaimudu akiwa anaosha vyombo. Sauti ikikatakata msikimbilie kulaumu boti, admini aingie kwa mipangilio ya chaneli abadilishe rijini, yaani eneo la kompyuta za Discord zinazopitisha sauti, Afrika Kusini imo kwenye orodha, mjaribu na zingine mwone ipi iko sawa kwenu.

Kuhusu kulipia, sikatai, mtu aliyetengeneza kitu ale jasho lake, na siku hizi ukiwa na kadi ya GlobalPay ya M-Pesa dola si tatizo tena. Lakini kuna boti zinazofungia kupunguza sauti ati mpaka ulipe au uende kuipigia kura kwanza kwenye tovuti za kuorodhesha boti, na hiyo ni kitu uko nayo tayari bure, gusa jina la boti ndani ya chaneli utaona pa kuteleza sauti juu na chini, na inabadilika kwako tu bila kusumbua wengine. Kuna pia wale wa kujiwekea boti wenyewe kwa kompyuta ya nyumbani wakitumia Lavalink, programu ya kuitumia boti sauti, ni ya bure na msimbo wake (code) uko wazi kwa yeyote, mimi nawaheshimu sana na muziki wao ni safi hadi stima ipotee.

Mimi kwa seva yangu ningechagua boti ndogo ya redio, ile inayocheza mkondo (stream) ambao stesheni yenyewe imeuweka hadharani, ruhusa chache, haina mbwembwe. Najua vijana watasema ni ya wazee, hakuna kuruka wimbo, hakuna kupanga foleni, wacha waseme.

Kilichobaki ni moja ambayo huwa tunabishana mpaka usiku na hakuna anayeshinda. Wimbo wa msanii wa hapa Nairobi ukichezwa na boti mara moja na watu thelathini wakausikiliza pamoja, huyo msanii anahesabiwa nini? Kama mna mwandishi anayeweza kuwafikia KECOBO, ile bodi ya hakimiliki ya Kenya, awaulize, tafadhali mtuchapishie jibu.

Msomaji wenu,
Umoja, Nairobi