Uchaguzi wa Zanzibar una hesabu mbili, vyama vinapiga moja

Mhariri,

Kila msimu wa kampeni ukiwadia, kurasa zenu hujaa picha za Kibandamaiti na Tibirinzi, na mwandishi hutwambia kuwa uwanja ulifurika. Sina ugomvi na picha. Ninalolalamikia ni kwamba msomaji hubaki akiamini chama kilichojaza uwanja ndicho kitakachoshinda, na viongozi wa vyama huamini hivyo hivyo. Aliyepanda gari kutoka Micheweni au Makunduchi kuja kukusikiliza alikuwa wako tangu kwao. Mkutano humtia moyo, lakini kura haiongezeki.

Siku moja ya uchaguzi Zanzibar hubeba mashindano mawili yasiyofanana. Katika urais, nchi nzima ni jimbo moja: kura ya Kojani na kura ya Fuoni zina uzito sawa. Uwakilishi, yaani viti vya Baraza la Wawakilishi, huamuliwa jimbo kwa jimbo, yote 50, na kura zinazozidi zile za kushinda jimbo hazihamishiki kwa jirani. Chama chenye mpango mmoja kwa mashindano yote mawili lazima kipoteze moja.

Wazee wetu waliliona hili mapema. Januari 1961, kabla ya uhuru, chama cha ASP (Afro-Shirazi Party) kilipata viti 10, ZNP (Zanzibar Nationalist Party) 9 na ZPPP (Zanzibar and Pemba People's Party) 3. Kiti cha Chake Chake ASP ilikichukua kwa kura moja tu. Wajumbe wa ZPPP wakagawanyika, wawili kwa ZNP na mmoja kwa ASP, ikawa 11 kwa 11, na nchi ikarudi kwenye masanduku Juni mwaka ule ule, katika uchaguzi uliozaa ghasia zilizoua watu 68. Kisha ukaja Julai 1963: ASP ilipata zaidi ya asilimia 54 ya kura zote lakini viti 13 kati ya 31, kwa sababu kura zake zililundikana katika majimbo ambayo ingeshinda hata kwa nusu yake. ZNP na ZPPP waligawana majimbo wasigongane, wakapata viti 18 na serikali. Hesabu ile haikuwa ya bahati. Upande mmoja ulipanga wagombea wake kwa ramani, mwengine kwa wingi wa watu.

Baada ya vyama vingi kurudi, mambo yalipinduka. Mwaka 1995 CUF ilichukua majimbo yote 21 ya Pemba na 3 ya Unguja, CCM ikapata 26. Katika urais Dk. Salmin Amour wa CCM alitangazwa mshindi kwa kura 165,271, Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF 163,706. Tofauti ni kura 1,565. Igawe kwa majimbo 50: ni kura 31 kwa jimbo, yaani watu wazima wa nyumba nane au kumi. Mwaka 2010 Dk. Ali Mohamed Shein wa CCM alipata 179,809 na Maalim Seif 176,338; hiyo ni wastani wa kura 69 kwa jimbo.

Hapa ndipo chama kinapojidanganya. Mgombea uwakilishi aliye na hakika na jimbo lake hana haja ya kumfuata mpiga kura wa mwisho: mvuvi aliyeko dago (kambi ya wavuvi), mchumaji aliyehamia kambi ya karafuu, bibi asiyeweza kutembea hadi skuli ya kupigia kura. Kwake yeye wale ni ziada. Kwa mgombea urais wale ndio ushindi. Na uchaguzi wetu huangukia Oktoba, miezi ya karafuu, watu wakiwa wametawanyika mashambani. Chama makini huwa na orodha ya kambi na madago wiki mbili kabla, na kinajua kila mtu jina lake liko kituo gani.

Tuje kwenye idadi ya watu, maana wapo wanaodhani ramani ya 1995 bado inatosha. Sensa ya 2002 iliihesabu Pemba watu 362,166 kati ya Wazanzibari 984,625, karibu asilimia 37. Sensa ya 2022 ikatoa 543,441 kati ya 1,889,773, yaani asilimia 29. Majimbo ya Pemba nayo ni 18 hivi sasa. Mkoa wa Mjini Magharibi peke yake una karibu nusu ya watu wote wa Zanzibar. Chama kinachotegemea Pemba kitapata wawakilishi wa Pemba. Anayetaka Ikulu lazima akae Mwanakwerekwe, Pangawe na Kijitoupele, tena akae muda mrefu.

Muda mrefu, kwa sababu ya daftari la wapiga kura. Sharti la ukaazi ni miezi 36 jimboni, na huko Magharibi wengi ni wapangaji. Kodi ikipanda mtu hufunga virago akavuka barabara, na barabara ile mara nyingi ndiyo mpaka wa jimbo. Jina lake linabaki alikotoka, alikohamia hatambuliki kwa sheha, kiongozi wa shehia, na siku ya kura anazunguka vituo mpaka jua linakuchwa. Kijana naye ana mlolongo wake: kwanza cheti cha kuzaliwa, kisha Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, ndipo daftari. Akikwama hatua ya kwanza, hizo nyengine hazipo. Vyama vingi humkumbuka wiki ya uandikishaji, wakati cheti kilitakiwa kuanza kushughulikiwa mwaka mzima kabla.

Kazi yenyewe haina fahari. Tawi linagawa shehia kwa nyumba, kila mwanachama nyumba 20, na daftari la mkono lenye safu nne: jina, umri, kitambulisho, amehamia lini. Linarejewa kila miezi sita. Orodha ya wapiga kura ikibandikwa, mtu anakwenda nayo mkononi na kuoanisha jina kwa jina, na pingamizi linawekwa ndani ya siku zilizotolewa. Baada ya hapo kulalamika barazani hakusaidii.

Kuhusu kanga, fulana na kofia nitasema kidogo: watu huzipokea za vyama vyote na kuzivaa shambani. Kinachomgeuza mpiga kura ni bei. Mkulima wa karafuu wa Mkoani anauliza kilo moja atalipwa ngapi, na fungu gani la bei ya dunia litamfikia yeye. Mwanamke wa mwani wa Paje anauliza nani atanunua, kwa shilingi ngapi, na lini. Mgombea anayejibu kwa shilingi husikilizwa hata na asiyempenda. Anayejibu kwa mipasho huchekwa, kisha husahauliwa.

Halafu mawakala. Jimbo lenye vituo 40 linataka mawakala 40 na akiba ya wanane. Wakala huwa kituoni kabla ya saa moja asubuhi, vituo hufungwa saa kumi jioni, na kuhesabu huendelea usiku. Asiyepelekewa chakula hutoka, na akitoka ndipo hoja ya chama inapokufa, kwa kuwa hana alichokiona wala nakala ya fomu. Mafunzo ya siku moja hotelini hayatoshi. Ajaze fomu ya mfano kwa mkono wake mara tatu.

Yapo yanayovuka uwezo wa chama, na sitaki kuyafunika. Matokeo ya Oktoba 25, 2015 yalifutwa siku tatu baadaye, na uchaguzi ukarudiwa Machi 20, 2016. Uchungu ule bado tunao. Lakini CUF kususia marudio yale nako kulikuwa na gharama: haikuwa na hata mwakilishi mmoja katika Baraza, na kwa kuwa mpango wa serikali ya umoja wa kitaifa unataka chama cha pili kipate angalau asilimia 10 ya kura za urais, miaka mitano ilipita bila Makamu wa Kwanza wa Rais. Wananchi asilimia 66 waliuridhia mpango huo kwa kura ya maoni ya Julai 31, 2010. Walistahili kuuona ukifanya kazi.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Uchaguzi ukimalizika, chapeni ukurasa mmoja wa jedwali la majimbo yote: walioandikishwa, waliopiga, kura zilizoharibika, na tofauti baina ya wa kwanza na wa pili. Chapeni na la uchaguzi uliotangulia kando yake, ili katibu wa tawi aweze kulikata na kulibandika ukutani.

Msomaji wenu,
Wete, Pemba