Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Msimu wa 2024 wa Ohio State

Ndugu wanachama,

Asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na poleni na kazi. Taarifa hii naiandika kwa furaha ambayo hatujaionja tangu msimu wa 2014: Ohio State, chuo kikuu cha hapa Columbus, ni mabingwa wa vyuo vya Marekani katika futiboli ya Kimarekani kwa msimu wa 2024. Hilo ni taji lao la tisa.

Mwaka huu chama chetu cha mashabiki kimepokea wanachama wapya wengi, wakiwemo ndugu zetu waliofika Columbus wakitokea kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Kakuma. Kwa ajili yao naanza na jambo moja, maana bila hilo mengine hayaeleweki. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusogea yadi 10. Ikifaulu, inapewa mengine manne. Ikishindwa, mpira unakwenda kwa wapinzani. Utamu wote wa mchezo huu umo humo.

Msimu huu ulianza kujengwa kabla mpira haujachezwa. Jack Sawyer, JT Tuimoloau, Emeka Egbuka, TreVeyon Henderson, Denzel Burke na wenzao walikuwa na nafasi ya kwenda kucheza ligi ya kulipwa, wakaamua kubaki mwaka mmoja zaidi. Sababu yao waliitaja wazi: walikuwa hawajawahi kuifunga Michigan, chuo hasimu wetu mkubwa. Wakaongezewa nguvu kutoka vyuo vingine, akiwemo kwotabeki (mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi) Will Howard na beki Caleb Downs, na kijana wa mwaka wa kwanza, Jeremiah Smith, ambaye mikono yake inadaka mpira usiodakika.

Mechi tano za mwanzo zilikwenda bila jasho. Tarehe 12 Oktoba tukafungwa na Oregon ugenini, 32 kwa 31, na katika mchezo huohuo Josh Simmons, mlinzi wa ubavu wa kushoto wa kwotabeki, akaumia goti na msimu wake ukaishia hapo. Ikabidi Donovan Jackson ahamishwe nafasi aliyoizoea kwenda kuziba pengo. Kazi hiyo haionekani kwenye ubao wa matokeo, lakini kwa maoni yangu bila Jackson tusingefika popote.

Tarehe 2 Novemba tulikuwa kwa Penn State, mbele ya watazamaji zaidi ya 110,000. Tukiongoza 20 kwa 13 katika robo ya nne, wenyeji walifika yadi 3 kutoka mstari wetu wa mwisho, ambao wakiuvuka na mpira wanapata alama. Walikimbiza mpira mara tatu, na mara zote tatu wakakuta ukuta. Jaribio la nne wakarusha pasi, ikaanguka. Mpira ukawa wetu, na vijana wakaushikilia kwa zaidi ya dakika tano mpaka saa ikaisha. Waliokuwa wakitazama nasi ukumbini siku ile wanakumbuka namna wazee walivyosimama wote.

Kisha ikaja tarehe 30 Novemba. Michigan walikuja hapa Columbus wakiwa wameshafungwa mechi tano, wakatufunga 13 kwa 10. Tuling'ang'ania kuukimbiza mpira katikati, mahali ambapo wao ndipo walipo na nguvu zaidi, na mikwaju miwili ya goli ya Jayden Fielding, mpigaji wetu, ikaenda pembeni. Huo ulikuwa mwaka wa nne mfululizo wa kufungwa nao mechi hiyo. Vurumai iliyozuka katikati ya uwanja baada ya filimbi, bendera ya Michigan ilipoletwa pale, ilikuwa aibu kwa pande zote, na kila chuo kilitozwa faini ya dola 100,000.

Wiki ile nilipokea simu na jumbe nyingi za kutaka kocha Ryan Day afukuzwe. Nilipinga wakati ule na bado napinga. Huu ulikuwa msimu wa kwanza wa mchujo wa timu 12, yaani mechi za mtoano za kumpata bingwa, kwa hiyo nafasi ilikuwa ingalipo, na kocha anayejua wachezaji wake haondolewi katikati ya safari.

Tukaingia tukiwa namba 8. Tarehe 21 Desemba, katika baridi kali, tuliwafunga Tennessee 42 kwa 17. Siku ya mwaka mpya, Oregon waliokuwa hawajafungwa na yeyote walijikuta nyuma 34 kwa 0 kabla ya mapumziko. Ikaisha 41 kwa 21.

Nusu fainali dhidi ya Texas ndiyo itakayosimuliwa. Tuliongoza 21 kwa 14, na Texas walikuwa yadi 1 tu kutoka mstari. Jaribio la pili walirudishwa nyuma yadi 7. Jaribio la nne, Sawyer, mtoto wa Pickerington hapa jirani, akampokonya mpira Quinn Ewers, aliyewahi kuishi naye chumba kimoja chuoni, akaukimbiza yadi 83 hadi mwisho wa uwanja. 28 kwa 14.

Fainali ilichezwa Atlanta tarehe 20 Januari 2025. Notre Dame walitoka 31 kwa 7 wakafika 31 kwa 23, na hofu ikatanda. Kwenye jaribio la tatu, yadi 11 zikihitajika, Howard alimrushia Smith mpira mrefu wa yadi 56. Aliyefunga hesabu kwa mkwaju ni Fielding yuleyule. 34 kwa 23. Mwezi Aprili wachezaji 14 wa timu hii walichaguliwa na timu za kulipwa. Kuifunga Michigan, jambo lililowafanya wabaki, hawakulipata, nami bado linaniuma kwa niaba yao.

Kuhusu chama: mweka hazina atasoma hesabu baada yangu. Nawashukuru sana akina mama waliotupikia pilau na mandazi msimu mzima. Kufagia ukumbi na kurudisha viti kumekuwa kazi ya watu walewale, na si haki. Napendekeza tuweke zamu kwa majina. Pia naomba vijana wenu wanaoujua mchezo wakae karibu na wageni na kuwaeleza.

Msimu wa 2025 unaanza tarehe 30 Agosti 2025, Texas wakija hapa Columbus. Ukumbi unapaswa kulipiwa mapema, hivyo ada ziwe zimemfikia mweka hazina kabla ya mwisho wa Julai 2025.

Mwenyekiti