Msimsahau rubani Bullard

Mhariri,

Makala yenu kuhusu marubani wa Kimarekani waliojitolea kuipigania Ufaransa katika Vita Kuu ya Kwanza ilinivutia, ila haikumtaja Eugene Bullard, mtu mweusi wa Georgia aliyerusha ndege za kivita za Ufaransa mwaka 1917. Marekani ilipoingia vitani iliwachukua wenzake wengi weupe. Yeye ikamkataa kwa sababu ya rangi yake.

Ufaransa ilimtunuku nishani ya Légion d'honneur mwaka 1959. Wakati huo alikuwa mwendesha lifti Rockefeller Center, New York! Nchi yake ilimpa cheo cha luteni usu mwaka 1994, miaka 33 baada ya kufariki. Naomba mchapishe habari zake, pamoja na picha yake, katika ukurasa uleule.

Msomaji wenu,
Tanga