Nambari isiyoacha baki

Mhariri,

Nilikuwa karani wa boriti hapa Amu (Lamu) tangu ujanani hadi ukataji miti ulipopigwa marufuku mwaka wa 2018. Boriti, pau na fito tulizihesabu kwa korja, yaani miti ishirini ishirini, na kilichonikosesha usingizi miaka yote hiyo ni baki. Korja zikishafungwa, ikisalia miti mitatu pwani, kila mtu ana dai lake.

Mwezi uliopita mpwa wangu aliniandikia nambari nyuma ya risiti ya duka, akaniambia, "Mjomba, igawanye polepole, anzia kushoto." Nilikaa nayo barazani tangu alasiri hadi adhana ya magharibi: 3816547290.

Ina tarakimu zote, 0 mpaka 9, kila moja mara moja tu. Shika mbili za mwanzo, 38: zagawanyika kwa 2. Shika tatu, 381, ugawe kwa 3: 127 kamili. Nne, 3816, kwa 4: 954. Nenda hivyo hivyo hadi nambari nzima uigawe kwa 10. Hakuna baki popote! Na tarakimu hizo kumi zaweza kupanga nambari zaidi ya milioni tatu, lakini yenye sifa hii ni moja tu.

Neno hilo "moja tu" sikulikubali mpaka nilipolifanyia kazi kwa kalamu. Sifuri lazima ikae mwisho, kwa sababu ya kumi. Tano haina mahali ila nafasi ya tano. Nafasi ya 2, 4, 6 na 8 zataka shufwa, yaani tarakimu zinazogawanyika kwa 2, basi witiri, zisizogawanyika kwa 2 (neno tulijualo sisi tokea sala ya usiku), zinashika zilizobaki. Nafasi ya nne na ya nane hazikubali ila 2 au 6, maana zinatanguliwa na witiri, na 14 wala 38 haigawanyiki kwa 4. Ukizipima kwa 3, tarakimu za katikati, nafasi ya nne hadi ya sita, huwa 258 au 654, basi. Pitisha na kipimo cha 8, zitakusalia nambari kumi. Hapo saba ndiye hakimu: tisa zaacha baki, moja yapita. 3816547 kwa 7 ni 545221.

Ombi langu, Mhariri: ukurasa wa watoto uwe na pembe ya nambari kama hizi kila wiki. Watoto wa mtaani kwangu, Langoni, wamekwisha kuiandika hii kwa makaa ukutani, na wananigombeza nikikosea.

Na ukiichapisha barua hii, tafadhali mpanga kurasa aitazame ile nambari mara mbili. Tarakimu mbili zikibadilishana nafasi, imekwisha.

Karani mstaafu,
Langoni, Lamu