Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wafugaji wa Paka wa Ukoo, Dodoma

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha atazisoma Mweka Hazina, na majina ya wanachama wapya yako kwa Katibu. Mimi nitajikita kwenye jambo lililotuumiza zaidi mwaka huu: watoto waliozaliwa wazima, wakanyonya vizuri, kisha wakafa kabla ya siku ya tatu. Sababu zilizotajwa zilikuwa nyingi. Baridi ya usiku, jike kukosa maziwa, dume mzee, hata kijicho cha jirani. Kamati ilipoyakusanya madaftari ya mizao ikayaweka mezani, ikaona kitu kimoja tu kinachojirudia: majike hao walikuwa British Shorthair au machotara wao, na wote walipandishwa bila kupimwa kundi la damu.

Paka wana kundi A, kundi B, na AB ambalo ni adimu. Jeni ya A huifunika ya B, ndiyo maana paka wengi wa mitaani ni A. Kundi B limejaa kwenye koo chache: British Shorthair na Devon Rex wanalo kwa wingi, Kiajemi na Birman kwa kiasi, ilhali kwa Siamu ni shida kulipata. Jike wa B hubeba kingamwili (askari wa damu) kali dhidi ya A hata kama hajawahi kuzaa wala kuongezewa damu. Wengi wetu tumeteleza hapa kwa sababu tunafananisha na Rh ya akina mama kliniki (damu ya mama isiyopatana na ya mtoto), ambako mimba ya kwanza kwa kawaida husalimika. Kwa paka, uzao wa kwanza kabisa unaweza kuangamia wote.

Tumboni hakuna tatizo. Tatizo limo kwenye dang'a, yaani maziwa ya kwanza. Mtoto aliyerithi A kwa baba akinyonya dang'a ya mama wa B, zile kingamwili hupita kwenye utumbo wake, zinaingia kwenye damu na kuzipasua chembe nyekundu. Mkojo hugeuka rangi ya chai ya rangi au wekundu uliokolea, ufizi na ngozi huwa njano, mtoto analegea na kuacha titi. Anayenusurika wakati mwingine hukauka ncha ya mkia na ikakatika baada ya wiki moja au mbili. Mtu akikuletea mtoto mwenye mkia butu na kukuambia alibanwa na mlango, muulize kwanza kundi la damu la mama.

Kinga ni rahisi kuliko tiba. Utumbo wa mtoto hupitisha kingamwili kwa saa 16 hadi 24 tu za mwanzo. Kwa hiyo jike wa B aliyepandwa na dume wa A lazima asimamiwe wakati wa kuzaa, na kila mtoto aondolewe kabla hajagusa titi. Wawekwe kwenye kikapu chao, chumba kile kile, mama awasikie ila asiwafikie, na baada ya saa 24 warudishwe wanyonye kama kawaida. Katika muda huo wapewe maziwa ya unga ya watoto wa paka, mililita 2 hadi 4 kwa mtoto wa gramu 100, kila baada ya saa 2 au 3. Maziwa ya ng'ombe hayafai, protini yake haifiki hata nusu ya ile ya maziwa ya paka, na ya mbuzi ni hayo hayo. Mtoto alishwe akiwa amelalia tumbo. Ukimlaza chali kama mtoto wa binadamu, maziwa yanaingia kwenye mapafu. Kila baada ya kulishwa asuguliwe sehemu za haja kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu, kwa sababu hawezi kukojoa bila kuchochewa.

Njia bora zaidi ni jike mwingine wa A aliyezaa siku hizo hizo. Huyo anawapa dang'a salama pamoja na kinga ya maradhi, kitu ambacho maziwa ya unga hayana. Ndiyo maana Kamati inapendekeza wanachama wapeane tarehe za kupandisha, ili majike wawili wazae karibu karibu.

Naomba ieleweke kwamba kundi B si ugonjwa. Nimesikia mazungumzo ya kuwahasi majike wote wa B, na Kamati haiafiki. Jike wa B akipandwa na dume wa B, watoto wote ni B na hakuna kinachotokea. Jike wa A naye anaweza kupandwa na dume wa kundi lolote. Kinachotakiwa ni kujua, na cheti cha ukoo hakikuambii. Kinataja mababu, rangi na tuzo za vizazi vinne au vitano, lakini kundi la damu halimo.

Kipimo cha kadi kwa tone la damu daktari wa mifugo anaweza kukifanya hapo hapo. Cha jeni hutumwa nje, kwa mfano kwenye maabara ya jeni ya mifugo ya Chuo Kikuu cha California, Davis. Sampuli zetu kadhaa zilirudi hazisomeki, na kosa lilikuwa la kwetu. Kijiti kilipakwa shavuni mara tu mtoto alipotoka kunyonya, kikabeba chembe za mama, au kilifungwa kwenye nailoni kikiwa kibichi, kikaota ukungu. Mtenge mtoto na mama kwanza, sugua ndani ya shavu, acha kijiti kikauke hewani, kisha tumia bahasha ya karatasi.

Kwa wenye Kiajemi, sampuli hiyo hiyo ipimwe pia figo za vifuko, ugonjwa wa kurithi unaojaza figo vifuko vya maji. Jeni yake ni moja na inatawala: mzazi mmoja akiwa nayo, kila mtoto ana nusu kwa nusu ya kuipata, na paka huonekana mzima hadi utu uzima figo zinapoanza kushindwa. Wakati huo ameshazaa mara kadhaa. Ukiwa na paka bora mwenye jeni hiyo, na kundi letu ni dogo, unaweza kumpandisha mara moja na asiye nayo, ukabakiza watoto waliopimwa wakawa safi, kisha ukamhasi mzazi. Scottish Fold ni habari nyingine. Jeni inayokunja masikio ndiyo inayoharibu gegedu za viungo, hata akiwa na nakala moja. Hakuna namna ya kupata sikio la aina hiyo bila maungo mabovu, na Kamati haitaandikisha uzao wowote wa aina hiyo.

Vitabu tunavyovisoma vimeandikwa Ulaya, na vinasema jike hupumzika miezi ya kipupwe mchana unapokuwa mfupi. Dodoma ipo takriban nyuzi 6 kusini mwa ikweta. Tofauti ya mchana mrefu na mfupi haifiki saa moja, kwa hiyo majike wetu hawapumziki. Asipopandwa anarudi kwenye joto (hamu ya kupandwa) kila baada ya wiki mbili au tatu, mwaka mzima. Mwenye kusubiri msimu atasubiri sana, na mwenye kupandisha kila joto atammaliza jike. FIFe, shirikisho la kimataifa la vyama vya paka lililoanzishwa mwaka 1949, haliruhusu zaidi ya mizao 3 katika miezi 24. Tulichukue hilo kama lilivyo.

Kwa kuwa kalenda tunaipanga wenyewe, tukwepe watoto wachanga Oktoba na Novemba, joto linapowakausha, na pia Juni na Julai usiku. Kipindi kizuri ni kupandisha Desemba au Januari. Mimba ni siku 63 hadi 67, na uzao unaangukia Februari na Machi. Jike apelekwe kwa dume, maana dume ugenini hutumia siku nzima kunusa kuta. Wakutanishwe siku ya pili na ya tatu ya joto, mara kadhaa kwa siku, kwa sababu yai la paka hutoka kwa kuchochewa na tendo lenyewe. Kisha jike afungiwe ndani mpaka joto liishe kabisa. Bado anaweza kupandwa na paka wa mtaani, au kwa wanaoishi pembezoni, na kimburu (paka wa porini), na uzao mmoja ukawa na baba wawili.

Kasha la kuzalia liwe na nyuzijoto 29 hadi 32 wiki ya kwanza. Umeme ukikatika, chupa ya maji ya moto iliyoviringishwa kanga inatosha, mradi kubaki nafasi ya watoto kusogea wakizidiwa. Mtoto aliyepoa usimlishe. Tumbo lake limesimama, maziwa yatachacha humo. Mpashe moto taratibu kwanza. Mizani ya jikoni inayosoma gramu ni lazima: mtoto huzaliwa na gramu 90 hadi 110 hivi na huongeza 10 hadi 15 kwa siku. Asiyeongezeka kwa siku mbili mfululizo anaumwa, hata kama anaonekana mchangamfu.

Damu za karibu. Madaftari yanaonyesha mizao mingi ya British Shorthair inarudi kwa dume mmoja. Ukipandisha ndugu wa baba mmoja na mama tofauti, uzao una asilimia 12.5 ya jeni zilizojirudia. Baba na binti ni asilimia 25. Yaliyowapata Sokoke yatufunze. Paka huyo wa msitu wa Arabuko-Sokoke, pwani ya Kenya, alianza kufugwa kwa ukoo mwaka 1978 na kutambuliwa na FIFe mwaka 1993, lakini msingi wake ulikuwa paka wachache mno, ikabidi warudi pwani kutafuta damu mpya. Sisi tubadilishane madume na wafugaji wa Arusha, Dar es Salaam na Nairobi kabla hatujafika huko.

Kuhusu siku yetu ya maonyesho, waamuzi walilalamikia manyoya kuliko maumbile. Vumbi jekundu la kiangazi hupaka manyoya meupe, na maji ya visima vingi vya mkoa huu yana chumvi, yanaacha unyoya mgumu na mfu. Chana kabla ya kulowesha, kwa sababu fundo likilowa linakaza. Mafuta ya mkiani kwa madume yaondolewe kwa sabuni ya vyombo kidogo. Suuza hadi maji yawe maangavu, na msuuzo wa mwisho uwe wa maji ya mvua mliyoyahifadhi. Kiajemi aogeshwe siku moja kabla, Siamu siku kadhaa kabla ili unyoya ulale.

Kwenye kipimo cha Kiajemi cha CFA, chama cha wafugaji wa paka cha Marekani, kichwa kina alama 30, umbo 20, rangi 20, unyoya 10, rangi ya macho 10, uwiano 5 na ulaini wa sura 5. Jumla 100, na hakuna hata moja ya figo wala damu. Siamu mmoja alikatwa alama kwa baka jeusi ubavuni, mwenyewe akadhani ameonewa. Rangi ya Siamu huamuliwa na ubaridi wa ngozi: alinyolewa kwa upasuaji, ngozi ikapoa, nywele zikaota nyeusi. Waliolala nje Julai walikolea mwili mzima kwa sababu hiyo hiyo. Wakibaki pakavu na pa joto, hupauka zikiota nywele mpya.

Dawa za kuogeshea mifugo zisikaribie banda la paka. Permethrin, cypermethrin na deltamethrin, zinazovumiliwa na ng'ombe na mbwa, huua paka. Akianza kutetemeka na kutoa povu, muogeshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, umkimbize kwa daktari. Usimpe maziwa wala mafuta. Panadol pia ni sumu kwake, hata kidonge kimoja.

Kamati inaleta maazimio matatu. Kwanza, uzao hautaandikishwa bila kundi la damu la wazazi wote wawili, na kwa Kiajemi majibu ya figo. Pili, paka asiyekuwa na majibu hayo aruhusiwe kuonyeshwa lakini asipewe utepe wa ubora wa uzazi. Tatu, dume mmoja asizidi mizao 3 ndani ya chama kwa mwaka. Wenye majike British Shorthair wenye mimba sasa hivi wasisubiri kura. Wampigie Katibu leo, apange nani yuko tayari na jike wa A.

Mwenyekiti