Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Kilimanjaro: Wahesabiwe na wasiopita getini

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Pole na majukumu. Mimi ni mwongoza watalii wa hapa Moshi. Mlima nimeupanda kwa njia zake nyingi, ila siku hizi riziki yangu kubwa inatoka kwenye safari za siku moja: maporomoko ya Materuni, Marangu, chemchemi ya Chemka, Ziwa Chala. Ninakuandikia hadharani kwa kuwa ninachokiomba kinawagusa pia wakulima wa Uru, akina mama wa Rundugai na vijana wa bodaboda, na wote hao wana haki ya kukisoma na kunipinga.

Ombi lenyewe ni hili. Kabla mkoa haujatangaza kivutio kingine kipya, ufanyike utafiti wa mwaka mzima kuhusu watu wanaotoka kwenda kutembea, kuogelea, kukimbia na kupumzika katika mkoa wetu. Ni akina nani, wanakwenda wapi, majira gani, fedha yao inaishia mfukoni mwa nani, na ardhi na maji wanayoyakuta yanabaki katika hali gani wakishaondoka. Nawasemea hasa wale wasiopita kwenye geti la hifadhi.

Wanaopita getini tunawajua. Aliyelala Horombo, kambi ya mlimani, ameandika kwenye daftari la kambi jina, umri, uraia na kazi yake. Mzigo wa mgumu, yaani mpagazi, umepandishwa kwenye mizani usizidi kilo 20. Kitaifa nako kuna kazi imefanyika: tangu 2001 Wizara ya Utalii, Benki Kuu, Ofisi ya Taifa ya Takwimu na wenzao huwahoji wageni wanaoondoka nchini, pale uwanja wa ndege wa KIA, mpakani Namanga na kwingineko, wamelala siku ngapi na wametumia kiasi gani. Ndiyo maana tunaweza kusema bila kubahatisha kwamba mwaka 2024 tulipokea wageni zaidi ya milioni 2.1 kutoka nje. Lakini kijana wa Majengo anayekwenda Chemka Jumapili na wenzake sita kwenye Noah haondoki nchini, kwa hiyo hakuna wa kumwuliza chochote. (Tembo, Mheshimiwa, wanahesabiwa kwa ndege. TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, wanaifanya kazi hiyo. Sisi tusio na mikonga tungeridhika na mwanafunzi mmoja mwenye daftari.)

Chukua hiyo hiyo Chemka. Wenye ofisi za utalii mjini wanaijua kama mahali pa kumpeleka mgeni aliyeshuka mlimani miguu inamuuma: maji ya uvuguvugu, mizizi ya mikuyu, kamba ya kurukia majini. Hiyo ni Chemka ya Jumanne. Ya Jumapili, hasa ya sikukuu, ni nyingine kabisa. Kuna magari kutoka Arusha na Moshi, spika, mishikaki, makundi ya kwaya, na vijana wanaojirusha majini ilhali kuogelea hawajui. Maji hayo hayo yanaingia Mto Kikuletwa na hatimaye bwawa la Nyumba ya Mungu, na njiani yananywesha mashamba ya watu. Mtafiti akifika Jumanne na fomu zake ataandika kwamba watumiaji wa Chemka ni wageni wa Ulaya wanaopenda utulivu. Atakuwa hajasema uongo hata kidogo, na bado ripoti yake itaupotosha mkoa mzima.

Halafu kuna Desemba. Mimi nashikilia kwamba mtalii mkubwa kuliko wote wa mkoa huu ni Mchaga anayerudi nyumbani Krismasi. Sensa ya 2022 ilitukuta watu 1,861,934, lakini siku ya sensa ilikuwa 23 Agosti. Ingekuwa usiku wa kuamkia Noeli, Rombo na Vunjo zingesomeka vingine. Mabasi ya Dar yanajaa, na treni ya abiria iliyorejea Moshi Desemba 2019 ilirejea mwezi ambao kila mtu hapa anaujua ni wa nini. Kwenye makaratasi watu hawa ni wenyeji. Kwa matendo ni watalii kamili: wanalala siku kadhaa, wanatumia fedha nyingi, wanawapeleka watoto waliozaliwa Mbezi kuona maporomoko ya Kinukamori, wanashuka Chala kupiga picha, wanapiga foleni barabara ya Marangu, wanaacha chupa. Kodi zao na taka zao zinatuhusu, na hatuna hata kadirio la mkoa la kupangia zoezi la uzoaji taka la wiki mbili zile.

Nafika sasa kwenye jambo linaloninyima usingizi, nalo ni kalenda. Mgeni wa nje anakuja zaidi wakati wa kiangazi, Juni hadi Oktoba, na tena Januari na Februari. Mtanzania anatoka sikukuu zinapoangukia, na Pasaka mara nyingi inaangukia masika. Kwa Materuni tofauti hiyo si ndogo. Njia ya kwenda kwenye maporomoko inapita katikati ya vihamba, mashamba ya migomba na kahawa yanayozunguka nyumba za watu. Agosti udongo umekauka, buti zikipita zinaacha vumbi tu. Masika, watu wachache sana wanatosha kuiharibu: kila mmoja anaikwepa tope, anakanyaga pembeni, njia inapanuka, kesho yake pembeni pamekuwa tope, keshokutwa wanatembea kwenye migomba na kahawa ya mtu. Mvua ikishuka inaufuata mfereji waliouchimba kwa miguu na kuupeleka udongo mtoni. Ukiangalia jumla ya watu kwa mwaka hutaona kitu. Ukiangalia wamekuja mwezi gani na mvua ilikuwaje, unaona kila kitu.

Wanaochunguza mambo haya sehemu mbalimbali za dunia wamekuta jambo jingine linalopingana na tunavyofikiri vikaoni. Uharibifu hauongezeki sambamba na idadi ya watu. Mahali pasipowahi kukanyagwa, nyayo chache za mwanzo ndizo zinazoua majani na kugandamiza udongo kwa kasi kubwa. Njia ikishakomaa, watu wakiongezeka hali haibadiliki kwa kasi ile ya mwanzo. Sasa fikiria lile wazo ninalolisikia mara kwa mara, kwamba tupunguze msongamano Materuni kwa kufungua maporomoko mengine katika kila kata. Kuna hatari tutakuwa hatupunguzi madhara bali tunayasambaza, tunaanzisha ule mwanzo mbaya mahali kumi kwa mpigo. Huenda fedha hizo zingefanya kazi zaidi kwenye ngazi za mawe na mitaro ya kutolea maji katika njia moja iliyopo. Nasema huenda kwa makusudi. Bila kupima upana na kina cha njia, mahali palepale, kabla na baada ya masika, wewe na mimi tutabaki kubishana tu.

Maji nayo yapimwe. Mito hii ndiyo inayolisha mifongo, mifereji ya maji iliyochimbwa na babu zetu, na kuna bibi chini kule anayeteka maji ya mfongo saa nane mchana, muda ambao wageni wangu wanaoga juu na mafuta yao ya kujikinga na jua. Inawezekana hayana madhara yoyote. Chupa mbili za sampuli, moja juu ya maporomoko na moja chini, siku ya watu na siku isiyo na watu, zingemaliza mjadala.

Naomba pia watafiti wasiishie kuwahoji watu kwenye kivutio chenyewe. Ukimwuliza aliyeko pale kama amefurahi atakujibu ndiyo, kwa sababu aliyechukizwa ameshaacha kuja. Familia zilizokuwa zikienda sehemu fulani kila mwaka na sasa haziendi, ama kiingilio kimepanda, ama kelele zimezidi, ama wameona pale si pao tena, utazipata Pasua, Soweto, Kiboriloni na kwenye misa ya kwanza. Hizo ndizo zenye habari. Na wale wanaoishi kando ya njia waulizwe wanajisikiaje mgeni anapoelekeza kamera jikoni kwao. Mwenye kihamba hapati kiingilio, ila watu wote wanapita mlangoni kwake.

Wafanyakazi wa safari wasisahaulike. Moto uliozuka mlimani Oktoba 2020 uliteketeza zaidi ya kilomita za mraba 90, na maelezo ya awali ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, yalikuwa kwamba ulianzia eneo la Whona, wapagazi walipokuwa wakipasha chakula cha wageni. Idadi ya wageni siku hiyo isingekuambia lolote. Ilikuwa habari ya jiko na upepo na ukame, na ya watu ambao fomu za utalii huwa hazina kisanduku chao. Wagumu, wapishi na madereva wanalala wapi, wanapikia nini, wanajisaidia wapi, hayo ni maswali ya utafiti wa utalii sawa na swali la mgeni katoka nchi gani.

Kuhusu nusu maili sitasema mengi, maana ni hoja nzito ya peke yake. Ukanda ule wa msitu uliotengwa 1941 kwa ajili ya mahitaji ya vijiji uliingizwa kwenye hifadhi msitu wote wa akiba ulipounganishwa na hifadhi mwaka 2005, na tangu hapo kuni na majani ya ng'ombe vimekuwa hoja isiyoisha. Ninachoomba ni kwamba atakayeandika faida za utalii kwa vijiji vya juu aandike pia, kwenye ukurasa uleule, kile ambacho vijiji hivyo viliacha kukipata.

Gharama, najua, ndiyo swali lako la kwanza. Mheshimiwa, vyombo vya kazi vipo hapa hapa. Chuo cha Mweka, kilichoanzishwa 1963, kinafundisha wanyamapori na utalii, na wanafunzi wake wanahitaji mahali pa mafunzo kwa vitendo. Chuo Kikuu cha Ushirika kina watu wanaojua kufuatilia shilingi inavyozunguka kijijini. Taasisi ya Nelson Mandela iko Tengeru, mwendo wa gari tu. Serikali za vijiji zinatoa risiti, na risiti ikiongezewa tarehe sahihi, idadi ya watu na mahali walikotoka, tayari umepata nusu ya takwimu. Kilimanjaro Marathon kila mwaka inatuletea wakimbiaji na wasindikizaji wao hadi uwanja wa Ushirika, na siku hiyo vijana ishirini wenye fomu fupi wangejua mengi kuliko semina tatu za hotelini. Kuna watakaokushauri ununue taarifa za simu za watu ili kuona wanavyosafiri. Inawezekana, ila Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 isomwe kwanza, na mimi ningeanza na daftari.

Fomu ziwe za Kiswahili. Nimeshakalishwa mara nyingi na watafiti wenye maswali arobaini ya Kiingereza, wanamwuliza mzee wa miaka themanini apange kuridhika kwake kwa namba kuanzia moja hadi tano. Mzee anajibu tano zote ili wamalize, awape mbege, pombe yetu ya ndizi. Wanaondoka na hawarudi. Vijiji vya utalii vimechoka kuhojiwa, na safari hii sharti liwe kwamba matokeo yatasomwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ule wa kila miezi mitatu, mbele ya waliohojiwa, nao wapate nafasi ya kusema hapa mmekosea.

Muda nao haupo upande wetu. AFCON ya 2027 inakuja kwetu, Kenya na Uganda, na uwanja unajengwa Arusha. Mashabiki watakuwa na siku za mapumziko kati ya mechi, na watauliza pa kuogelea. Tusipokuwa na kipimo cha kabla, hakuna atakayeweza kusema baadaye mashindano yalituongezea nini na yalituharibia nini, na kila mtu atatoa namba yake kichwani.

Ninaomba uunde kamati ndogo yenye mtu wa Mweka, mtu wa ofisi ya bonde la maji, mtendaji wa kijiji mmojawapo na angalau mgumu mmoja, na kazi ianzie Materuni na Chemka wikiendi ya Pasaka, si kiangazi. Katika safari za majaribio nitajitolea kuwatembeza hao vijana wa madaftari bila malipo, na wenzangu kadhaa wa kijiweni wameniambia watafanya hivyo pia. Nakala ya barua hii nitaiwasilisha kwenye masjala ya ofisi yako ili isije ikasemwa ilisomwa mitandaoni tu.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwongoza watalii, Moshi